Mtoto Aliyeshikwa Msibani

Mimi ni mtu wa haraka, sijawahi kulificha hilo. Chai nainywa nimesimama. Mgeni akianza kunieleza habari za shemeji yake kabla hajafika kwenye habari yake mwenyewe, namkatiza: mama, mtoto yuko wapi? Labda kazi ndiyo imenifanya hivi, au labda nilitoka tumboni hivi hivi na kazi ikanikuta tayari. Kituo chetu cha msaada wa kisheria kina vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa pale Gongoni, Tabora mjini. Wakili ndiye anayezungumza mahakamani. Mimi ni msaidizi wake, ndiye ninayepanda bodaboda kwenda kutafuta shahidi, kutafuta shangazi, kutafuta kadi ya kliniki iliyotafunwa na mchwa. Watoto wetu ni waliotupwa, waliofiwa, wanaogombewa, na wale wachache wenye bahati ambao mtu amejitokeza kutaka kuwaasili, yaani awe mzazi wao mbele ya sheria sawasawa na aliyewazaa.

Siku ninayoisimulia nilikuwa kwenye chemba ya jaji, yaani ofisini kwake Mahakama Kuu, kiti cha nyuma, natikisa mguu. Kesi ilikuwa nyepesi. Asubuhi niliwaambia wenzangu kwamba saa tano itatukuta tunakula sambusa. Mtoto wa kike, miaka minne. Mama yake alifariki siku chache baada ya kumzaa, baba hakujulikana. Aliyeomba kumwasili ni mjane mmoja, fundi cherehani wa mtaa wetu, aliyekabidhiwa kumlea kutoka makao ya watoto wakati mtoto ana miezi minane. Ripoti ya ustawi wa jamii ilikuwa nzuri kiasi kwamba ungependa na wewe ulelewe hapo.

Jaji alikuwa mgeni Tabora, mama wa makamo, mwenye tabia ya kusoma kila ukurasa. Akafika kwenye karatasi ya mtendaji wa kijiji, ile aliyoiandika siku ya mazishi ya mama mtoto kule Kwihara. Akaisoma kwa sauti. Ilisema kwamba baada ya mazishi mtoto amekabidhiwa kwa bibi mmoja mkazi wa hapo, jina lake hili, ambaye ametamka mbele ya watu kwamba mtoto ni wake. Jaji akavua miwani.

"Huyu bibi ni nani? Na ridhaa yake iko wapi?"

Nikacheka. Astaghafiru, nilicheka ndani ya chemba ya jaji! Wakili akanigeukia kwa jicho ambalo bado nalikumbuka. Lakini ningefanyaje? Mstari ule ulikuwa kichekesho chetu cha ofisini kwa miaka minne. Kila tukifungua faili tunausoma na kucheka, kisha tunaendelea na mambo ya maana. Yule bibi ni Mzaramo, na marehemu alikuwa Mnyamwezi kama mimi. Sisi na Wazaramo ni watani tangu enzi za babu zetu waliokuwa wakibeba pembe za ndovu kwa miguu hadi pwani na kurudi. Mtani akija msibani kwako ana ruhusa ya kufanya vituko. Anaweza kujilaza kaburini akagoma kutoka, au kukamata chungu cha mboga, au kiatu cha mjomba, akasema hiki changu, mpaka wenye msiba wamkomboe kwa kuku au kitu kingine. Watu wanacheka huku machozi hayajakauka. Siku ile bibi alikamata kichanga. Mtendaji, aliyekuwa na wiki chache tu tangu aletwe kutoka mbali, alikuwa na daftari lake mkononi akaandika alichokiona. Hakuna aliyemwambia kwamba ni utani. Nani angefikiria kwamba kuna mtu mzima hajui?

Wakili alimweleza jaji hayo yote kwa maneno ya kistaarabu. Jaji akasikiliza mpaka mwisho.

"Mimi naona maandishi ya kiongozi wa kijiji, yana tarehe na mhuri," akasema. "Kama ni utani, huyo bibi aape kwa maandishi kwamba alikuwa anatania, au aje hapa aniambie mwenyewe. Ijumaa ya wiki ijayo. Bila hivyo maombi nayaondoa, na suala la mtoto kukaa wapi linarudi ustawi."

Kurudi ustawi maana yake tuliijua sote. Mtoto angerudi makao, na sisi tungeanza upya, fomu ya kwanza hadi ya mwisho, na hakuna aliyeweza kuahidi kwamba mwisho wake angepewa mama yule yule.

Nilimtazama huyo mama. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, mtoto kalala begani kwake. "Sawa, Mheshimiwa," akasema. Basi. Nilitamani kumfinya. Ndivyo alivyo, kila kitu kwake ni sawa. Ukimwambia lete picha nne, sawa. Ukimwambia picha zimekataliwa, lete nyingine, sawa. Tulipomkabidhi mtoto tulimwonya, kama tunavyowaonya wote, kwamba asijizoeshe sana maana hukumu haijatoka, na nadhani ni yeye peke yake katika historia ya kituo chetu aliyetii. Akina mama wote wa Tabora wanashona gauni la mtoto kubwa, lenye pindo la kushushwa akirefuka. Yeye, fundi mwenye mikono ya dhahabu, anamshonea gauni la kumtosha leo. Niliwahi kumuuliza kwa nini asiache pindo. Akasema, "Sijui kama mwakani nitakuwa naye." Nikanyamaza, na kwangu mimi kunyamaza ni ugonjwa.

Moyoni nilikuwa na wasiwasi naye, nisiseme uongo. Nilijiuliza kama mtu asiyejua kukasirika anaweza kumlea mtoto katika dunia hii.

Jioni ile ile nilichapa hati ya kiapo kwa mikono yangu. Niliandika kwamba bibi anaapa kuwa siku ya mazishi alimshika mtoto kwa utani tu, bila nia ya kumchukua. Mwishoni nikaacha nafasi ya dole gumba. Wino niliutia mkobani, maana sikutaka sababu yoyote ya kurudi mara mbili. Kesho yake asubuhi nikapanda bodaboda kwenda Kwihara, na dereva aliposimama kujaza upepo kwenye tairi nilimsimamia kichwani mpaka akaniuliza kama kuna mtu kafa.

Nilimkuta bibi nyuma ya nyumba yake anaanika matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, kavitandaza juu ya bati. Mumewe alikuwa mtu wa reli, ndiye aliyemleta kutoka Kisarawe akiwa msichana, akafa akamwacha huku, na bibi hakuona sababu ya kurudi. Aliponiona akasimama na kushika kiuno.

"Ee, Mnyamwezi! Umekuja huna mzigo kichwani? Leo jua limechomoza upande gani?"

"Mzigo ni wewe, Mzaramo. Nimekuja kukubeba nikurudishe kwenu, huku umetumalizia viazi."

"Viazi nimelima mimi! Nyie mlikuwa mmelala."

Tukacheka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasema sasa naona una adabu, basi una shida. Nikamwambia shida ni ndogo kabisa. Nikakaa kwenye kigoda, nikamkumbusha mazishi, nikamweleza habari za jaji, nikamsomea hati. Nilisoma haraka. Nilipofika kwenye maneno ya utani akaniinulia kidole.

"Rudia hapo."

"Nilimshika mtoto kwa utani tu."

"Nani kakwambia?"

"Bibi, jamani, si nilikuwepo?"

"Ulikuwepo mpaka saa ngapi?"

Msiba ule niliupitia tu njiani, kama Mnyamwezi mwenzao. Nilikuwepo mpaka kile kicheko, hilo tu. Siku ile nilikuwa na shauri Itetemia, bodaboda ilikuwa inaningoja barabarani, na tuliporudi nyumbani kutoka makaburini, kicheko kikaisha, nilitoa pole nikaondoka. Hata ugali wa msiba sikuungoja.

Bibi akaacha viazi, akaja kukaa chini karibu yangu, na sauti yake ikawa nyingine.

"Mtoto alikuwa amelazwa kwenye kanga pale mlangoni, analia. Shangazi zake wawili wamekunja mikono. Mmoja anasema mimi wa kwangu watano. Mwingine anasema mume wangu hatakubali. Wajomba wanatazama chini. Na wewe ulikuwepo, umekumbatia faili lako. Nikaona hakuna mkono hata mmoja unaokwenda pale. Ndipo nikamshika, nikapiga kelele kwamba huyu ni wangu, Wanyamwezi mmekosa akili, nawapora. Mkacheka. Nilitaka mcheke. Mtani akishika kitu, mwenye kitu anakuja kukikomboa. Akikosa kuku anakuja na yai, akikosa yai anakuja na maneno. Nilimshika ili mtu aninyang'anye, mwanangu."

"Halafu?"

"Hakuja mtu."

Watu walikula, wakanawa, wakatawanyika. Shangazi walipanda gari la jioni. Bibi akabaki na kichanga kifuani. Alikaa naye siku tatu, anamnywesha maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji kwa kijiko, na bado kila akisikia hatua za mtu njiani alikuwa anajua ni wao, wamekuja. Siku ya nne mtoto akaanza kuchemka mwili, bibi akamfunga mgongoni akaenda naye zahanati. Huko wakamuuliza ni mjukuu wako? Akasema hapana, wakaliandika hilo kwenye karatasi. Wakamchukua. Ndipo faili letu linapoanzia, "mtoto amepokelewa kutoka zahanati," kana kwamba zahanati ndiyo iliyomzaa.

"Yule mtendaji mliyekuwa mnamcheka," bibi akasema, "ndiye peke yake aliyeniuliza jina langu."

Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka. Miaka minne tumecheka mstari mmoja wa kweli katika faili zima, na aliyeuandika ni yule tuliyesema hajui kitu. Ningekuwa mtu mwema ningeomba radhi hapo hapo. Badala yake haraka yangu ikaamka.

"Bibi, nimekuelewa, lakini tia dole tu. Mtoto atarudishwa makao! Ni karatasi tu."

"Niape uongo mbele ya Mungu kwa sababu wewe una haraka?"

"Si uongo mkubwa."

"Toka hapa!" Akanipiga kofi la begani, na halikuwa la utani. Halafu akatulia. "Huyo mama anayemtaka ni mtu wa namna gani?"

Nikaanza kumtajia yaliyomo kwenye ripoti: ana vyumba viwili, choo safi, kipato cha cherehani...

"Sikuulizi choo. Atamshika?"

Sikujua. Nimemtembelea yule mama mara ngapi sijui, nimehesabu madirisha ya nyumba yake, na sikujua.

"Basi nitakuja mwenyewe," bibi akasema. "Jaji kataka nije nimwambie, nitamwambia."

"Na ukimwona mtoto, utamtaka?"

Akarudi kugeuza viazi vyake juu ya bati. "Sijui," akasema. "Nikimwona, sijui."

Siku zilizofuata sikutulia. Wakili alinifokea. Ulikwenda kuleta dole gumba, akaniambia, umeleta mdai! Maana mwanasheria aliona mara moja kile ambacho mimi nilikiona njiani narudi. Kama bibi alikaa na mtoto siku tatu, akamlisha, akampeleka zahanati, na kijiji kimeandika kwamba alikabidhiwa, basi ana la kusema, na jaji huyu atamsikiliza. Sikulala vizuri, nilikula nikitembea, nilimgombeza mhudumu wa ofisi kwa ajili ya stepla. Mama mlezi alikuwa anakuja kila asubuhi, anakaa kwenye benchi letu na mtoto, hasemi kitu, anasubiri nimwambie kuna lolote. Siku ya Alhamisi nikamweleza yote. Nikamwambia bibi anakuja na hatujui atasema nini. Alinisikiliza huku anamfunga mtoto kamba za viatu.

"Sawa," akasema.

Nikaingia chumba cha ndani nikapiga meza kwa kiganja.

Ijumaa bibi alifika kabla yetu, kavaa kanga mbili mpya na ushungi mweupe. Kwenye ukumbi hakumtazama mtoto kabisa. Alitazama ukuta. Tulipoitwa ndani akaapa, akamsimulia jaji kama alivyonisimulia mimi, bila kuongeza wala kupunguza, hata lile la mimi na faili langu hakuliacha. Jaji aliandika muda mrefu. Kisha akamweleza taratibu kwamba mtoto akishaasiliwa, hakuna tena mtu wa kumdai, leo wala kesho. Je, anaridhia?

Bibi akamgeukia mtoto kwa mara ya kwanza, akampungia mkono. Na mtoto, ambaye huwa haendi kwa watu, akashuka pajani kwa mama yake akamwendea. Bibi akampakata. Akamshika kichwa, akamshika masikio, akamkagua vidole kimoja kimoja. Mimi nikajua tumekwisha.

"Mheshimiwa," bibi akasema, "huyu mtoto nilimwacha mara moja kwenye karatasi, kule zahanati, na mpaka leo roho yangu haijatulia. Sitamwacha kwenye karatasi tena. Kama yuko mtu anayemtaka, aje amtoe mikononi mwangu."

Jaji akamtazama wakili. Wakili akanitazama mimi. Katika sheria zote alizosoma wakili wetu hakuna kifungu cha jambo hilo. Mama mlezi alikuwa amekaa vile vile, wima, mikono mapajani. Nilimtazama kwa nguvu zangu zote. Inuka, nilimwambia moyoni, inuka mwanamke, usiseme sawa, nakuomba kwa jina la Mungu usiseme sawa.

Aliinuka ghafla kiti kikaanguka nyuma yake. Hakuomba ruhusa. Akapita mbele ya meza ya jaji, mahali ambapo hata wakili hapiti, akasimama mbele ya bibi.

"Nipe."

"Nikupe wewe nani?" bibi akasema, na nikaona anamkaza mtoto kifuani. Mtoto akaanza kulia.

"Nipe mtoto, nimesema! Meno yake yote yameota nikiwa naye mimi! Akikohoa naamka mimi! Ulimwacha, walimwacha, wote mlimwacha, nipe!"

Sauti ile sikuijua. Karani alisimama. Mama akamshika mtoto kwapani akamvuta, bibi akashikilia, na kwa kitambo kidogo, wallahi, walikuwa watu wazima wawili wanagombea mtoto mbele ya Mahakama Kuu na hakuna aliyethubutu kusogea. Kisha bibi akaachia mikono yote miwili kwa pamoja, mama akayumba nusura aanguke, mtoto kamkwida shingoni.

Bibi alikuwa analia waziwazi, hafuti. Akamwambia jaji, "Andika. Nimeridhia."

Jaji akainamisha kichwa akaandika. Karani, aliyekuwa bado kasimama, akakumbuka kazi yake, akamwambia mama kwa ukali kwamba hapa ni mahakamani, hairuhusiwi, arudi mahali pake akae na mtoto amweke kwenye kiti. Mama akasema samahani. Akaisema kwa jaji, akaisema kwa karani, akamgeukia na bibi akaisema kwa heshima zote. Lakini hakukaa, na mtoto hakumshusha.